Shule za Kale za Wagiriki na Warumi na Mafarakano ya Wakristo wa Korintho: Somo kwa Mwalimu

UTANGULIZI

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha hukutana na mtihani ambao haumo katika ratiba ya chuo. Juma la pili au la tatu, wakati wa mapumziko, mtoto mmoja humjia na kumwambia kwamba yeye hufundisha vizuri kuliko mwalimu wao wa siku zote. Maneno hayo ni matamu, hasa kwa mtu aliyekesha akiandika andalio la somo. Walakini kwa maneno hayo machache darasa limekwisha kuanza kugawanyika: wako watoto wa mwalimu mgeni, na wako watoto wa mwalimu mwenyeji. Mazoezi yatakapokwisha mwanachuo atarudi chuoni, na mpasuko utabaki nyuma yake, aushone mtu mwingine.

Katika makala haya tumekusudia kulitazama jambo hilo kwa mfano wa kale sana. Miaka karibu 2,000 iliyopita, katika mji wa Korintho nchini Ugiriki, jumuiya changa ya Wakristo iligawanyika kwa majina ya walimu wake. Hatuandiki mahubiri, wala hatumtaki msomaji awe wa dini fulani ndipo afaidike. Tunaandika kama walimu. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba mafarakano yale hayakuzuka hivi hivi tu. Kwa sehemu kubwa yalifuata mazoea ambayo watu wa zama zile waliyapata shuleni, na ambayo mwalimu yeyote, hata leo, anaweza kuyapanda bila kujua.

1. SHULE ZILIVYOKUWA

Katika dola ya Kirumi hapakuwa na wizara ya elimu, wala muhtasari mmoja wa masomo, wala sheria ya kumlazimisha mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni. Mwalimu alifungua shule popote alipopata nafasi, pengine katika chumba cha kukodi, pengine barazani karibu na soko. Wazazi walimlipa ada, naye aliishi kwa ada hiyo. Kwa hiyo kusoma na kuandika kulikuwa mali ya wachache. Mwanahistoria William Harris, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alikadiria kwamba waliojua kusoma na kuandika pengine hawakuzidi watu 15 katika kila watu 100, na mahali pengi walikuwa pungufu ya hapo.

Aghalabu vitabu hutaja ngazi tatu za elimu hiyo. Katika ngazi ya kwanza, mtoto wa miaka saba hivi alifundishwa herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha sentensi fupi zenye maonyo ya tabia njema. Aliandika juu ya kibao kilichopakwa nta kwa kijiti chenye ncha. Katika mchanga mkavu wa Misri vimechimbuliwa vibao, vigae na vipande vya mafunjo ambavyo juu yake mwalimu ameandika mstari wa mfano kwa mwandiko mzuri, na chini yake mtoto ameuiga kwa mkono unaotetemeka. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza akiviona vipande hivyo atatabasamu, maana ataitambua kazi yake mwenyewe.

Katika ngazi ya pili, tangu miaka kumi na moja au kumi na miwili, mwanafunzi alikwenda kwa mwalimu wa lugha na fasihi. Hapo alisoma washairi wakubwa, Homeri kwa Kigiriki na Virgilius kwa Kilatini, akakariri, akasoma kwa sauti, akaeleza neno kwa neno. Ngazi ya tatu ilikuwa ya balagha, yaani ufundi wa kuhutubu mahakamani, barazani na katika sherehe. Kijana aliyefika huko alikuwa tayari kuongoza mji wake. Yafaa ikumbukwe kwamba ngazi hizi hazikuwa na mipaka imara kila mahali. Katika miji midogo mwalimu mmoja aliweza kushika ngazi mbili, na watoto wengi hawakuivuka ile ya kwanza.

Tofauti ya heshima kati ya walimu wa ngazi hizo ilikuwa kubwa. Mwaka 301 Kaisari Diocletianus alitoa amri ya kuweka kikomo cha bei na mishahara. Kwa amri hiyo mwalimu wa kusoma na kuandika aliruhusiwa kutoza dinari 50 kwa mwezi kwa kila mwanafunzi. Mwalimu wa lugha na fasihi aliruhusiwa dinari 200, na mwalimu wa balagha dinari 250. Ingawa amri hii ni ya baadaye kuliko habari tunayoieleza, inatuonyesha mizani ya jamii ile: aliyefungua macho ya mtoto alilipwa moja ya tano ya yule aliyemfundisha kijana kunena kwa madoido.

Tena alikuwako mtu mwingine ambaye hakuhesabiwa kuwa mwalimu kamwe. Huyu ni mtumwa wa malezi, ambaye Wagiriki walimwita paidagogo, yaani mwongoza mtoto. Kazi yake ilikuwa kumpeleka mtoto shuleni na kumrudisha, kumchukulia vibao vyake, kumlinda njiani na kumkanya kuhusu adabu. Jina lake ndilo lililozaa jina la elimu ya ualimu katika lugha nyingi za Ulaya, wala si jina la mhutubu mwenye ada kubwa. Jambo hilo linastahili kufikiriwa na kila mwanachuo.

2. MBINU ZILIZOLEA USHINDANI

Mwalimu aliyetuachia maelezo mengi kuliko wote ni Quintilianus, mzaliwa wa Hispania, aliyefundisha balagha mjini Roma na kuandika kitabu kikubwa cha malezi ya mhutubu mnamo mwaka 95 B.K. Mengi aliyoyasema yangeweza kusomwa leo katika chuo chochote cha ualimu. Alipendekeza mtoto apewe herufi za pembe za ndovu azichezee, ili ajifunze akicheza. Alishauri herufi zichongwe katika ubao ili kijiti cha mtoto kifuate mfereji wake bila kupotea. Alipinga viboko, akisema ni aibu, tena ni desturi ifaayo kwa watumwa, na ya kwamba mwalimu mwangalifu havihitaji. Katika zama ambazo fimbo ilikuwa alama ya mwalimu, maneno hayo yalikuwa ya ujasiri.

Hata hivyo, ni Quintilianus huyo huyo aliyesifu desturi moja ya walimu wake mwenyewe. Waliwapanga wanafunzi kwa daraja, kila mmoja akihutubu kwa zamu kulingana na uwezo wake. Kila baada ya siku 30 palifanyika shindano jipya, na aliyeshinda alishika nafasi ya kwanza. Asema kwamba jambo hilo liliwachochea kusoma kuliko maonyo ya walimu, uangalizi wa watumwa wa malezi na matumaini ya wazazi. Kabla yake, Verrius Flaccus, aliyeteuliwa na Kaisari Augustus kuwafundisha wajukuu wake, alijulikana kwa kuwashindanisha wanafunzi wa kiwango kimoja na kumtunza mshindi kitabu kizuri au cha nadra.

Hatuwezi kukataa kwamba ushindani huamsha akili iliyolala. Lakini tuyatazame mazoezi yenyewe. Vitabu vya mazoezi ya balagha, kama kile cha Theon, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya kwanza, na kile cha Aphthonius cha karne ya nne, viliyapanga mazoezi kutoka mepesi hadi magumu. Mwanafunzi alianza na kusimulia hadithi fupi, akaendelea na kueleza usemi wa mtu mashuhuri, kisha akafika kwenye sifa, yaani kumtukuza mtu kwa ukoo wake, elimu yake na matendo yake. Lilikuwako pia zoezi la lawama, yaani kumshusha mtu kwa mambo yale yale. Tena lilikuwako zoezi la mlinganisho, la kuwasimamisha watu wawili na kuwapima. Katika kitabu cha Aphthonius waliolinganishwa ni Akile na Hektori, mashujaa wawili wa vita vya Troya.

Hebu tumfikirie kijana aliyefanya mazoezi hayo mwaka hata mwaka. Amefundishwa kwamba kumfahamu mtu ni kumpima na mwenzake. Amezoea kuwa katika kila jambo kuna wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo akikutana na walimu wawili, atafanya nini? Atawalinganisha, amsifu mmoja na kumlaumu mwingine, naye ataona kwamba ametumia elimu yake vema. Hatudai kwamba vitabu vile vilikusudia kuleta ugomvi. Twasema tu kwamba kila mbinu hufundisha mambo mawili kwa pamoja: lile lililoandikwa katika andalio la somo, na lile ambalo mtoto hulinywa kimya kimya kwa namna anavyofundishwa.

Quintilianus mwenyewe aliyaona madhara hayo kwa sehemu. Alikemea desturi ya wanafunzi kusimama na kuruka kwa shangwe kila mwenzao alipohutubu. Alisema shangwe za kupeana zamu kwa zamu huzaa majivuno, hata kijana akadhani juhudi haina maana tena kwa kuwa sifa amekwisha kuipata.

3. WALIMU NA MAKUNDI YAO

Kwa kuwa mwalimu aliishi kwa ada, sifa yake ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mwalimu wa balagha mwenye jina kubwa, ambaye Wagiriki walimwita sofisti, alihitaji wafuasi kama mfanyabiashara ahitajivyo wanunuzi. Nao wafuasi waliona fahari ya mwalimu wao kuwa fahari yao wenyewe.

Dio wa Prusa, aliyeishi katika nusu ya pili ya karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, ameeleza michezo ya Isthmia iliyofanyika karibu na Korintho kila baada ya miaka miwili. Anasimulia jinsi masofisti walivyolizunguka hekalu la Poseidoni wakipiga kelele na kutukanana, huku wanafunzi wao, kama walivyoitwa, wakipigana wao kwa wao. Ingawa kisa chake amekiweka katika zama za Diogene, zaidi ya miaka 300 nyuma, wataalamu wengi huamini kwamba picha hiyo aliichora kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Katika karne ya pili masofisti Polemo na Favorinus walishindana kwa uchungu, na miji miwili mikubwa ya Asia Ndogo ikaingia katika ugomvi wao: Smirna ilimshabikia Polemo, na Efeso ikamshabikia Favorinus. Korintho nao ulimpenda Favorinus hata ukamsimamishia sanamu katika maktaba yake, mahali pa mbele, ili vijana wamwone na kutamani kuwa kama yeye. Baadaye upepo ukageuka, na sanamu ikaondolewa.

Ushahidi wa wazi kuliko wote unatoka Athene katika karne ya nne. Libanius wa Antiokia alifika huko mwaka 336 akiwa na nia ya kusoma kwa mwalimu aliyemchagua. Kabla hajafika kwake alikamatwa na wanafunzi wa mwalimu mwingine, wakamfungia mahali hata akala kiapo cha kuwa wa kundi lao. Anaeleza vita vya wanafunzi vilivyopiganwa kwa marungu na mawe kwa ajili ya heshima ya walimu wao. Gregori wa Nazianzo, Mkristo aliyesoma Athene katika karne hiyo hiyo, naye ameandika juu ya vijana waliopagawa na ushabiki wa masofisti. Wahenga wetu husema mafahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Huko Athene mara nyingine nyasi ndizo zilizowapigania mafahali.

4. KORINTHO: JUMUIYA YENYE MAJINA YA WALIMU

Sasa turudi nyuma hadi katikati ya karne ya kwanza. Korintho wa kale uliangamizwa na jeshi la Warumi mwaka 146 K.K. Mwaka 44 K.K. Julius Caesar aliagiza ujengwe upya kuwa koloni la Kirumi. Ulikuwa na bandari mbili, moja ikitazama magharibi na ya pili ikitazama mashariki, na utajiri ulipita katikati. Katika mji wa namna hiyo, wenye watu wengi ambao babu zao hawakuzaliwa hapo, cheo hakikutokana na ukoo peke yake. Mtu aliweza kupanda kwa mali, kwa marafiki na kwa ulimi mzuri.

Paulo alifika Korintho mnamo mwaka 50, akakaa miezi kumi na minane. Tarehe hiyo tunaikisia kwa msaada wa maandishi yaliyochongwa katika jiwe huko Delphi, yanayomtaja Gallio, liwali wa Akaya wa miaka ya 51 na 52, ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake. Baada ya Paulo kuondoka alifika Apolo, Myahudi wa Aleksandria, mji uliosifika kwa elimu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja kuwa mtu wa ufasaha na mjuzi wa Maandiko.

Mnamo mwaka 54, Paulo akiwa Efeso, watu wa nyumba ya mwanamke aitwaye Kloe walimletea habari mbaya. Wakristo wa Korintho walikuwa wamegawanyika. Wengine walijitaja kuwa wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa, yaani Petro, na wengine walisema kwamba wao ni wa Kristo. Neno alilolitumia Paulo kwa mafarakano hayo ni skisma, ambalo kwa Kigiriki ni mpasuko, kama wa nguo iliyochanika.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili ya makundi hayo. Mwaka 1831 F. C. Baur, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Tübingen, Ujerumani, aliona hapo mgogoro wa mafundisho kati ya Wakristo waliomfuata Petro na Torati na wale waliomfuata Paulo. Baadaye wengi wameitazama zaidi hali ya jamii, na hasa shule. Sisi twaona kwamba hoja hii ya pili ina nguvu, kwa sababu barua yenyewe imejaa lugha ya shule. Humo Paulo anazungumza juu ya hekima ya maneno na ufasaha wa usemi. Anakumbusha kwamba kati yao hawakuwa wengi wenye hekima ya dunia, wala wenye nguvu, wala wa ukoo bora. Maana yake walikuwako wachache wa namna hiyo, na wachache hao ndio waliokuwa na sauti. Katika barua yake ya pili anakiri kwamba wako waliomsema kuwa barua zake ni nzito, lakini akiwapo mwenyewe mwili wake ni dhaifu na usemi wake si kitu. Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyefundishwa shuleni kumpima mhutubu kwa umbo lake na sauti yake.

Mpasuko huo haukuwa wa maneno matupu. Jumuiya ile ilikutana majumbani kula pamoja, na Paulo anawakemea kwa kuwa katika karamu hiyo mmoja alikaa na njaa na mwingine akalewa. Kwa hiyo tunaona kwamba makundi ya majina yalikwenda sambamba na tofauti za mali na elimu. Mtumwa au kuli wa bandarini hakuwa na haja ya kubishana nani mfasaha zaidi, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa kipimo hicho. Alichokijua ni kwamba amefika akiwa amechoka, na chakula kimekwisha.

5. JINSI PAULO ALIVYOJIBU

Jibu la Paulo linampa mwalimu mafunzo manne.

Kwanza, hakukubali kuongoza kundi lake mwenyewe. Walikuwako waliotumia jina lake, naye angeweza kuwategemea. Badala yake alianza na hao, akiuliza kama ni yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Hata alishukuru kwamba aliwabatiza watu wachache tu pale, asije mtu akajivunia jina lake.

Pili, hakumshusha Apolo. Alitumia mfano wa shamba, ambamo mmoja hupanda na mwingine hutia maji, bali ukuaji hautoki kwa yeyote kati yao. Mwisho wa barua anasema kwamba alimsihi sana Apolo aende tena Korintho, naye hakutaka kwenda wakati huo. Kwa hiyo walimu wenyewe hawakuwa na ugomvi, ila wanafunzi ndio waliogombana kwa niaba yao.

Tatu, na hili ndilo kiini cha makala haya, aliugeuza usemi wao juu chini. Wao walisema kwamba wao ni wa mwalimu fulani. Yeye aliwajibu kwamba Paulo, na Apolo, na Kefa, wote ni wao. Maana yake ni kwamba mwanafunzi si mali ya mwalimu, bali mwalimu ndiye mali ya wanafunzi. Katika dunia ambayo sofisti alihesabu wafuasi wake kama mtu ahesabuye mifugo, huko kulikuwa kupindua utaratibu wote.

Nne, alitumia vitu vya shuleni ili aeleweke. Aliwaambia kwamba aliwalisha maziwa kwa kuwa hawakuwa tayari kwa chakula kigumu, jambo ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo hulifahamu. Aliwaonya pia wasipite yale yaliyoandikwa. Maneno hayo yamewasumbua wafasiri, lakini wako wanaodhani kwamba nyuma yake kuna picha ya mtoto anayefuata mstari wa mfano aliochorewa na mwalimu, kama katika vile vibao vya Misri. Ikiwa ndivyo, basi Paulo aliwarudisha wasomi wenye kujivuna kwenye benchi la darasa la kwanza.

Walakini tusimfanye Paulo kuwa malaika. Katika barua hiyo hiyo anasema kwamba hata wakiwa na watumwa wa malezi elfu kumi, baba yao ni mmoja, naye ndiye huyo baba. Kisha anawauliza kama aje kwao na fimbo au na upendo. Aliyekataa kuwa mkuu wa kundi bado alidai nafasi ya pekee mioyoni mwao. Hata mwalimu aonaye hatari hii kwa macho mawili hupata taabu kuiepuka, na ndiyo maana tunaiandika.

6. MBEGU ILIVYOENDELEA KUOTA

Je, Wakorintho walipona? Mnamo mwaka 96, yaani miaka 40 hivi baadaye, kanisa la Roma liliwaandikia barua ambayo kwa desturi huitwa ya Klementi. Sababu ya barua hiyo ni kwamba Wakorintho walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa katika kazi yao. Mwandishi anawaambia waichukue barua ya Paulo waisome tena, kwa kuwa walikwisha kuonywa juu ya jambo hilo hilo. Bila shaka wengi wa waliosikia barua ya kwanza walikuwa wamekufa. Wana wao walikuwa wamerithi mazoea, si onyo.

Katika karne ya pili desturi ya kujiita kwa jina la mwalimu ilienea. Yustino, aliyefundisha Roma akivaa joho la mwanafalsafa na kuuawa mnamo mwaka 165, aliandika kwamba yako makundi yaliyoitwa kwa majina ya waanzilishi wake, kama wafuasi wa Valentino na wa Basilide, sawasawa na shule za falsafa zilivyoitwa kwa majina ya mababa wa mafundisho yao. Hata neno la Kigiriki hairesisi, ambalo kwanza lilikuwa na maana ya uchaguzi tu, au shule ya mawazo aliyojichagulia mtu, taratibu likageuka kuwa jina la uzushi. Kilichoanza kuwa swali la mwalimu yupi kilikuwa sasa swali la nani ni ndugu na nani si ndugu.

7. YATUPASAYO SISI WALIMU

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa shule ya msingi hajui bado kuwa wa kundi, isipokuwa sisi tukimfundisha. Kutokana na habari hizi twapendekeza mambo yafuatayo.

(a) Unapotumia ushindani, hakikisha kwamba mtoto anashindana na kazi kuliko na mwenziwe. Mwonyeshe daftari lake la mwezi uliopita, aone alivyosonga mbele. Ukiyapanga makundi ya mashindano, uyabadilishe mara kwa mara, yasije yakawa makabila madogo ndani ya darasa.

(b) Zoezi la kulinganisha ni zuri katika lugha, historia na sayansi. Lakini ulinganishe vitu, njia na hoja. Usiwaache watoto wawalinganishe walimu wao, au wenzao, kwa sifa na lawama.

(c) Usimseme mwalimu mwenzako mbele ya watoto, hata kwa kicheko. Ukilikuta kosa katika kazi aliyoifundisha, lisahihishe somo bila kumtaja mtu, kisha uzungumze naye faraghani.

(d) Mkumbuke yule kuli wa Korintho. Katika kila darasa yuko mtoto asiyekijua kipimo ambacho wengine wanakitumia, naye hunyamaza. Kabla hujawasifu wenye ulimi mwepesi, uliza kama huyo naye amepata chakula chake.

(e) Unapopokea darasa, anza kwa kuheshimu kilichopandwa. Unapoliacha, liache tayari kwa atakayetia maji.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa mapumzikoni, aliyekuja na maneno matamu. Mwanachuo atamjibu nini? Akicheka na kunyamaza, amekwisha kuyakubali. Akimkemea, atamvunja moyo mtoto asiye na kosa. Twaona yafaa amuulize ni jambo gani katika somo lililomfurahisha. Mtoto akisema ni mchezo wa kuhesabu kwa vizibo vya chupa, mwanachuo amwambie kwamba mchezo huo umewezekana kwa sababu mwalimu wake alikwisha kumfundisha kuhesabu. Kwa jibu hilo macho ya mtoto yanaondoka usoni pa mwalimu na kurudi kwenye somo. Na ikiwa mwalimu mwenyeji anapita karibu akasikia, vema zaidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mbinu mbili za Quintilianus zinazofaa katika darasa la kwanza leo, na moja ambayo ungeitumia kwa tahadhari. Toa sababu.

2. Amri ya mwaka 301 ilimpa mwalimu wa kusoma na kuandika malipo madogo kuliko wenzake. Jamii huonyeshaje heshima kwa mwalimu wa watoto wadogo kwa njia nyingine zaidi ya malipo?

3. Paulo na Apolo hawakugombana, lakini wanafunzi wao waligombana. Eleza jinsi jambo kama hilo liwezavyo kutokea katika shule yenye walimu wawili wa somo moja.

4. Andika andalio la somo la dakika 40 lenye zoezi la kulinganisha, ambalo ndani yake hakuna mtoto anayewekwa wa kwanza wala wa mwisho.